Lisbon ni mji wa kushuka, si wa kupanda

Ukiitazama Lisbon kwenye ramani ya simu, kila kitu kiko karibu. Kutoka uwanja wa Rossio hadi ngome ya São Jorge, kidole kimoja kinatosha kufunika njia nzima. Kwa mtu aliyekulia pwani yetu, ambako mji hulala tambarare mpaka forodhani, hakuna sababu ya kuitilia shaka ramani. Kisha unaanza kutembea. Mtaa unainuka. Ukikata kona unakuta ngazi. Ukimaliza ngazi unakuta mtaa mwingine, huu umeinuka kuliko wa kwanza, nguo zimeanikwa madirishani juu ya kichwa chako, na ile ngome uliyoiona karibu kabisa imejificha nyuma ya mapaa ya watu.

Ramani huichukulia ardhi kama imenyooshwa, na Lisbon haijanyooka popote isipokuwa kando ya mto. Wenyewe husema mji wao umekaa juu ya vilima saba. Miguu yangu iliongeza vingine ambavyo hesabu hiyo iliviacha.

Aliyenipokea uwanja wa ndege ni kaka mmoja wa Tanga aliyeishi huko kwa muda mrefu. Uwanja uko ndani ya mji, metro inafika mpaka mlangoni, kwa hiyo tulikaa kwenye behewa nikamwonyesha orodha yangu: asubuhi hapa, mchana pale, jioni kule. Aliisoma yote kwa makini, akanirudishia.

"Orodha nzuri, dada. Ila hapa usimwulize mtu ni kilomita ngapi. Muulize, nitapanda au nitashuka?"

"Na nikitaka kuviona vyote?"

"Utaviona. Panda kwa mashine, shuka kwa miguu."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniongoza muda wote niliokuwa huko. Ninayaandika hapa kwa sababu naamini yanafaa kwa mji wowote uliosimama juu ya vilima kando ya bahari, na pia kwa sababu kushuka ndiko kulikonifikisha mahali ambapo sikutegemea kukuta habari za kwetu.

Tuanze na kupanda. Wareno walianza zamani kutafuta dawa ya vilima hivi. Mwaka 1884 walifungua reli ya kupandia kilima cha Lavra, mwaka uliofuata ikaja ya Glória, kisha ya Bica mwaka 1892. Ni mabehewa mawili yaliyounganishwa kwa kebo. Moja likipanda, jingine linashuka, yanapishana katikati ya mteremko. Kuna pia lifti ya Santa Justa ya mwaka 1902, mnara wa chuma wenye urefu wa mita 45 uliosanifiwa na Raoul Mesnier du Ponsard, unaokutoa mitaa ya chini ya Baixa na kukuweka juu karibu na kanisa la Carmo. Watalii walipanga foleni ndefu kuipanda. Mimi nilifika kileleni mwake bila foleni, kwa kupita upande wa Carmo, kwa sababu ukishakuwa kwenye kilima cha Chiado njia ya kwenda pale juu ni ya kutembea tu.

Na kwenye kilima cha Chiado unafikaje? Hapo ndipo wenyeji wanapomzidi mgeni. Kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina mlango chini na mlango mwingine juu, na katikati kuna ngazi za umeme ndefu ajabu. Unaingia chini, unasimama, zinakupandisha, unatokea juu. Hupiti kwenye geti la tiketi. Nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyebeba maua na kijana mwenye gitaa, hakuna kati yao aliyekuwa anakwenda kupanda treni.

Ya kwenda ngomeni ni nzuri zaidi. Kwenye mtaa wa Rua dos Fanqueiros kuna jengo ambalo ukilipita haraka utadhani ni la makazi. Ndani mna lifti ya bure. Inakutoa kwenye Rua da Madalena, unavuka, unatembea kidogo hadi Largo do Chão do Loureiro, na hapo kuna lifti nyingine kwenye jengo la kuegesha magari inayokufikisha chini kidogo ya ngome. Kilima ambacho ungekipanda ukitweta unakipanda umesimama na mkoba wako mkononi. Nilijifunza kuwa katika mji wa namna hii jambo la kwanza la kumuuliza mwenye nyumba ya kulala wageni si neno la siri la intaneti. Ni hili: ninyi wenyewe mnapandia wapi?

Ile ya Glória niliipanda. Ndiyo sababu habari za tarehe 3 Septemba 2025, behewa lake lilipoporomoka na watu 16 kufariki, zilinikaa moyoni kwa muda mrefu. Nilikumbuka mabenchi yake ya mbao na jinsi tulivyobanana, wageni na wenyeji, kila mtu akimpisha mwenzake. Anayekwenda sasa aulize kwanza ni reli zipi zinafanya kazi, na zile zilizofungwa aziache zishughulikiwe mpaka ziwe salama.

Kuhusu tramu namba 28, ambayo kila mgeni ameshaiona pichani, nitasema kwa ufupi. Ni chombo cha ajabu kweli, behewa dogo la manjano linalojipenyeza kwenye vichochoro ambavyo hata pikipiki ingefikiria mara mbili. Pale Alfama, mtaa wa kale chini ya ngome, kuna sehemu reli ni moja tu, tramu hungoja taa, na mpita njia hujibanza mlangoni mwa mtu hadi ipite. Lakini mchana imejaa kupita kiasi na wezi wa mifukoni wanaijua vizuri kuliko abiria. Ipande alfajiri, kutoka Martim Moniz, kabla mji haujaamka. Utapata kiti cha dirishani na utamwona dereva akizungusha mkono wa shaba mbele yake, akisikiliza magurudumu kama fundi anayesikiliza injini.

Sasa kushuka.

Njia za miguu za Lisbon zimetandikwa mawe madogo ya chokaa, meupe na meusi, yaliyopangwa kwa mkono mpaka yakatoa michoro. Pale Rossio yametengeneza mawimbi ya bahari, na ukiyatazama kwa muda unahisi uwanja unayumba. Nilimkuta fundi mmoja amepiga magoti kando ya ukuta, chini yake mchanga umesawazishwa. Aliokota jiwe, akaligeuza kiganjani, akaligonga mara mbili kwa nyundo ndogo, likamenyeka upande mmoja tu, ule alioutaka. Akaliweka, likaingia. Hakupima kwa kitu chochote. Nilisimama pale mpaka kipande chote kilichokuwa wazi kikajaa, na tangu hapo kila nilipokanyaga njia ile nilijua kuna mtu aliyepiga magoti kwa kila hatua yangu.

Mawe hayo yamesuguliwa na nyayo mpaka yanang'aa. Yakiwa makavu hayana neno. Mvua ikinyesha, nami nilikuwa huko mwezi wa Machi mvua ikija na kuondoka, mteremko unakuwa kama umepakwa sabuni. Viatu vya soli ya mpira laini, yenye kushika, ndiyo mali ya kwanza ya msafiri pale. Hatua iwe fupi. Mkono ubaki huru kushika chuma cha ukutani, kwa hiyo mzigo ukae mgongoni. Na koti jepesi lisiachwe nyumbani hata jua likiwaka, maana upepo wa Atlantiki ukikukuta umetoka jasho juu ya kilima hauna huruma.

Kila asubuhi nilianzia juu. Mahali nilipopapenda kuliko pote ni Senhora do Monte, upande wa Graça, mojawapo ya zile sehemu za kutazamia mji ambazo wao huziita miradouro. Ukisimama pale unauona mji mzima chini yako, na ndipo unapoelewa kwamba umbo lake lina habari ya kusimulia. Upande wa kushoto ngome, na chini yake mapaa mekundu yaliyosongamana bila mpango wowote. Katikati, kwenye bonde, mitaa imenyooka imekatana kwa pembe za mraba. Mbele mto Tejo, mpana hapo hata mgeni huudhania bahari, na mbali kulia daraja jekundu la 25 de Abril, lililofunguliwa mwaka 1966.

Kwa nini juu kumesongamana na chini kumenyooka? Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, asubuhi watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka. Nyumba zikaanguka, na walionusurika wakakimbilia mahali palipokuwa wazi, yaani gatini, kando ya mto. Maji yakarudi nyuma mpaka chini kukaonekana. Kisha yakaja. Mishumaa ya makanisani na majiko ya majumbani yakawasha moto ulioteketeza mji kwa siku kadhaa. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na mji wa chini, pamoja na ikulu ya mfalme na maktaba yake, ukafutika.

Nilisimama Terreiro do Paço, uwanja ule ule wa kando ya maji, nikaifikiria habari hiyo kwa uzito. Sisi wa Bahari ya Hindi tulionjeshwa jambo hilo tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalipofika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Bado naona watoto wetu hawafundishwi ipasavyo kwamba bahari ikirudi nyuma ghafla si wakati wa kuokota samaki, ni wakati wa kupanda mahali pa juu. Kwa hiyo nikiingia mji wowote wa pwani, kabla sijatafuta pa kula natazama njia ya kwenda juu iko wapi. Haichukui hata dakika moja.

Waziri aliyesimamia ujenzi mpya, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alijulikana kama Marquês wa Pombal, aliamua kuupanga upya mji wa chini kwa mitaa mipana iliyonyooka. Ndani ya kuta za nyumba mafundi walitia fremu za mbao zilizokingamana, ili ardhi ikitikisika nyumba iyumbe bila kuanguka. Udongo wa Baixa umejaa maji, ndiyo maana misingi yake imesimama juu ya nguzo za msonobari zilizokitwa ardhini. Kwenye Rua dos Correeiros unaweza kushuka chini ya jengo moja la benki ukaziona nguzo hizo kwa macho yako, na kando yake mabirika ambamo Warumi walikuwa wakitia samaki chumvi. Kushuka kwingine huko, hadi chini ya barabara.

Alfama iliponea kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana vichochoro vyake bado ni vile vya kale. Ukishuka kutoka Graça kupitia Portas do Sol unaingia humo bila kujua. Hapo nilikutana na bibi mmoja. Alikuwa anapanda, mimi nashuka. Mkononi ana mfuko wa viazi na vitunguu. Niliomba kwa ishara nimsaidie, akanitazama kidogo, akanipa. Nikageuka, tukapanda pamoja.

Mimi nilitaka kumaliza ngazi kwa mkupuo mmoja. Yeye hakuwa na habari hiyo. Kila ngazi zilipokatika pakawa na kituo kidogo, alisimama, akashika chuma, akainua uso. Dirisha likafunguka. Wakasalimiana, wakaulizana mambo, dirisha likafungwa, tukaendelea. Kituo kingine, dirisha jingine. Kufikia mlangoni kwake alikuwa ameshajua hali ya mtaa mzima, na wala hakuhema. Mimi ndiye niliyekuwa nahema. Alinipa maji kwenye glasi nzito, akanipigapiga begani, akaingia ndani.

Tangu hapo nilikwenda kwa mwendo wa bibi yule. Kituo, pumzi, uso juu. Nikaanza kuona vigae vya buluu kwenye kuta, chungu cha mrehani dirishani, paka aliyelala juu ya mita ya maji. Nikaona pia visanduku vidogo vya funguo vya kubonyeza namba, vimefungwa pembeni mwa milango mingi mno. Nyumba hizo hawaishi wenyeji tena, ni za kukodishwa kwa siku chache kwa watu kama mimi, na kodi imepanda hadi watu waliozaliwa pale wamehamia mbali na mto. Jambo hilo liliniuma. Sina dawa yake, lakini naamini mgeni ana wajibu: alale kwenye hoteli au nyumba ambayo mwenyewe yumo ndani, na akipita Alfama usiku asiburute sanduku la magurudumu juu ya mawe yale wala kuongea kwa sauti. Dirisha liko usawa wa sikio, na nyuma yake kuna mtu amelala.

Upande wa pili wa ngome kuna Mouraria. Mfalme Afonso Henriques alipouteka mji kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, waliobaki walitengewa mteremko huo waishi. Leo, mtaa wa Rua do Benformoso umejaa maduka ya Wabangladeshi, vinyozi, nyama halali na harufu ya bizari. Nilikula wali pale ukanikumbusha nyumbani. Ukiendelea kushuka unatokea Largo de São Domingos, ambapo Waafrika hukutana tangu zamani, wengi wao wa Guinea-Bissau na Cape Verde. Wazee wamekaa wanazungumza, kina mama wanauza karanga na matunda ya kwao. Sikuelewa walichosema, lakini walinipokea kwa kunisogezea nafasi kwenye benchi. Hatua chache kutoka hapo kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na umati wa watu mwaka 1506. Ukumbuke mwaka huo, nitaurudia.

Mwisho wa kushuka ni mto, na mto ndiko walikotokea kuja kwetu.

Nilipanda tramu namba 15 kwenda Belém, ambako hakuna kilima cha kukusumbua. Utawa wa Jerónimos ulianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Mawe yake yamechongwa kamba za merikebu, matumbawe na mimea ya bahari. Ni kazi nzuri kupindukia, sikatai. Ndani ya kanisa, ukiingia tu, upande mmoja kuna kaburi la Vasco da Gama. Sanamu yake imelala, mikono imekutanishwa kifuani. Watu wanapiga picha wanapita. Mimi nilisimama. Mtu huyu alifika Mombasa mwezi Aprili 1498, akaenda Malindi na kupata rubani wa kumvusha hadi India. Shuleni tulifundishwa jina lake kama jibu la mtihani. Sasa lilikuwa mbele yangu, limechongwa kwenye jiwe, na nilijikuta nikiwafikiria zaidi wasiochongewa chochote: rubani yule, na watu wa pwani waliotazama matanga yakiingia bandarini.

Nje, karibu na mnara wa mabaharia uliojengwa mwaka 1960, kuna ramani ya dunia iliyotandikwa kwa mawe ya rangi. Nilitembea juu yake mpaka kwenye pwani yetu. Hatua moja inavuka kutoka kwetu hadi Msumbiji.

Lakini kilichonishika zaidi hakiko Belém. Kiko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Rua das Janelas Verdes, kwenye ukingo wa kilima kinachotazama gati. Wageni wengi hawafiki kwa sababu hakuko kwenye njia ya tramu 28. Ndani mna monstransi ya dhahabu, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyesha Ekaristi, urefu wake kama sentimita 73. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka kioo, kila mmoja uso wake, nguo zao zimetiwa rangi za kuyeyusha kwa moto. Aliyeitengeneza ni Gil Vicente. Kwenye kitako chake pamezungukwa na maandishi yanayosema kwamba mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, ikamalizika mwaka 1506.

Kilwa. Kilwa yetu.

Nilikuwa nimesoma habari za Vasco da Gama kurudi mwaka 1502 na kundi kubwa la merikebu zenye mizinga, na jinsi alivyomlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa ushuru wa dhahabu ili mji usichomwe moto. Dhahabu yenyewe ilikuwa imetoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikapitia Sofala, ikakusanywa na wafanyabiashara wa Kilwa, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na kuusifia uzuri wake. Kulipa hakukuuokoa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na jeshi akauteka, kisha akaenda kuichoma Mombasa. Mwaka uliofuata chombo hiki kikakamilika, mwaka uleule wa mauaji ya São Domingos.

Yote hayo nilikuwa nayajua kwa kusoma. Kuyaona ni jambo lingine. Nilizunguka kabati lile la kioo nikainama hadi kwenye kitako, nikafuata herufi moja moja za enameli nyeupe mpaka nilipofika kwenye jina la mji wetu, limeandikwa kwa tahajia yao ya karne ya 16. Mlinzi, kijana mpole, alinisogelea kuuliza kama kila kitu ni sawa. Nilimwambia ninatoka nchi ilikotoka dhahabu hii. Alitazama chombo, akanitazama, kisha akaniletea kiti. Nashukuru hakusema neno. Nilikaa mpaka nikatosheka.

Atakayekwenda ajue kuwa makumbusho hayo hayafunguliwi Jumatatu, na aulize kwanza kama vyumba viko wazi, maana majengo mengi ya kale ya Lisbon hufungwa kwa ukarabati. Ukitoka, ngazi za pembeni zinakushusha hadi usawa wa mto. Kutoka Cais do Sodré boti ya kwenda Cacilhas inavuka kwa muda mfupi tu, kwa kadi ileile ya metro. Uipande. Ukiwa katikati ya maji, vilima vyote vinasimama pamoja mbele yako, na unaweza kuonyesha kwa kidole kila ulipopita.

Niliporudi nyumbani sikutulia mpaka nilipokwenda Kilwa. Kutoka Kilwa Masoko tulivuka kwa mashua hadi Kisiwani, tukapita Gereza, ile ngome ya kale, tukafika Msikiti Mkuu. Baada ya kuzunguka niliitoa simu nikamwonyesha mzee aliyetuongoza picha ya chombo kile. Vijana waliokuwa karibu wakakusanyika.

"Hii ni dhahabu tupu?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Imeandikwa hapa chini kuwa ni ya Kilwa."

"Wenyewe ndio walioandika?"

"Wenyewe."

Hapo ubishi ukaanza. Kijana mmoja alisema irudishwe kesho asubuhi. Mwingine akasema irudishwe wapi, Kisiwani hapa hatuna hata chumba cha kuifungia, na tena ni kitu cha kanisa, kitakaa msikitini? Binti mmoja aliyenyamaza muda wote akasema kitu cha kanisa wabaki nacho, lakini dhahabu ni mali, na mali ina hesabu yake, waturudishie thamani tujengewe hiyo nyumba ya makumbusho. Mzee alisikiliza wote. Alichotaka yeye ni picha kubwa, yenye maandishi kwa Kiswahili, isimamishwe pale magofuni, ili mtoto wa Kilwa asingoje kwenda Ulaya kujua.

Mimi niko na yule binti, na picha ya mzee nataka iwepo hata kabla hesabu haijaanza. Nilimtumia picha zote nilizopiga, za mbele, za nyuma, na ile ya kitako yenye jina la mji, kisha tukashuka pwani kwa sababu maji yalikuwa yanakupwa na mwenye mashua alikuwa anatuita.